Madini Katika Waya wa Lehemu: Risasi, Nikeli na Afya ya Fundi

Somo letu la leo linawahusu mafundi wa redio, simu na taa za sola, pamoja na watu wa nyumbani mwao. Siku hizi karibu kila kijiji chenye gulio kina fundi wa namna hiyo. Meza yake iko barazani, au chini ya mwembe, au katika kibanda cha mabanzi karibu na mashine ya kusaga. Kazi yake ni njema na tunaihitaji. Lakini ni kazi ya kushika madini kwa mikono mitupu tangu asubuhi hata jioni, na madini hayo si ya aina moja wala hayadhuru kwa njia moja.

Mafundi wengi wakija zahanati huuliza jambo moja tu, nalo ni moshi. Mzee mmoja wa redio alinikuta nikijaza daftari la wagonjwa.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba daktari. Hebu niambie kweli. Huu moshi wa risasi ninaouvuta miaka yote hii, utaniacha salama?"

Nilimjibu kwamba moshi ule si wa risasi. Hakuniamini, wala simlaumu. Mtu anaona waya wa risasi ukiguswa na chuma cha moto, papo hapo moshi unapanda. Nani asiyesema kwamba risasi imegeuka moshi? Lakini sivyo, na kutojua jambo hilo kunawafanya mafundi waogope mlango mmoja huku mlango mwingine wameuacha wazi.

LEHEMU NI KITU GANI?

Kulehemu ni kuunganisha vipande viwili vya madini kwa kutumia madini mengine yanayoyeyuka upesi kuliko hivyo viwili. Shaba ya waya wa umeme haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,085 za sentigredi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo kila mtu anaweza kukisia ukali wa joto hilo. Fundi hana joto kama hilo, na kama angekuwa nalo angeteketeza redio nzima. Ndiyo maana anatumia lehemu.

Lehemu ya tangu zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi. Hapa hatuna budi kuangalia maneno yetu. Tukisema bati, wengi wetu tunafikiri paa la nyumba. Paa lile ni chuma kilichopakwa zinki au madini mengine ili kisishike kutu. Bati tunalolizungumzia sasa ni madini meupe na laini, yale yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera. Na tukisema risasi hatusemi ile ya bunduki, ingawa hata ile ya bunduki hutengenezwa kwa madini hayo hayo.

Risasi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 327. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232. Lakini ukichukua mafungu 63 ya bati na mafungu 37 ya risasi ukayachanganya, mchanganyiko wako utayeyuka kwenye nyuzi 183, yaani mapema kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Tena ukipoa huganda mara moja bila kupitia hali ya uji. Kwa sababu hiyo mafundi waliupenda na wengi wanaupenda hadi leo. Ni rahisi, unang'aa, hausumbui mkono.

Ubaya wake uko katika hesabu. Kibiringo kidogo cha gramu 100 kina gramu 37 za risasi. Risasi haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Haijengi damu, haijengi mfupa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kwa ajili hiyo nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 2003, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, kwamba vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa huko visiwe na risasi zaidi ya sehemu moja katika elfu. Viwanda vya Asia vinavyotengeneza simu na redio vinauza Ulaya pia, basi navyo vikabadili lehemu zao. Ndiyo sababu bodi ya simu ya siku hizi mara nyingi haina risasi, na redio ya babu iliyonunuliwa mwaka 1980 inayo.

Lehemu hizi mpya karibu zote ni bati. Moja inayotumika sana ina bati 96.5, fedha 3 na shaba 0.5 katika kila mia, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Katika kilo moja ya lehemu hiyo mna gramu 30 za fedha, kwa hiyo msishangae bei yake. Nyingine ina bati 99.3 na shaba 0.7, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 227. Hii ya pili ni nafuu kwa kuwa haina fedha. Lakini ilikuwa na vituko vyake, na hapo ndipo nikeli inapoingia.

KAZI YA NIKELI

Nikeli ni madini magumu, meupe, yanayong'aa. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Jina lake lina kisa. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani waliokota mawe mekundu yanayofanana na ya shaba, wakayayeyusha wasipate shaba hata chembe. Wakasema shetani anayeitwa Nickel ameyaloga. Mwaka 1751 mtaalamu wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, alionyesha kwamba ndani yake mna madini mapya kabisa, na jina la shetani likabaki. Hapa kwetu nikeli iko ardhini huko Kabanga, wilaya ya Ngara, katika mkoa ule ule wa Kagera wenye bati.

Bati likiyeyuka lina tabia ya kula shaba. Fundi aliyetumia lehemu isiyo na risasi anajua: ncha ya chuma chake huchimbika mashimo upesi, na waya mwembamba wa shaba unaweza kupungua unene akiuangalia. Tena lehemu ya bati na shaba peke yake hutiririka kwa uvivu na kuacha nyuzinyuzi kati ya miguu miwili ya kifaa, umeme ukapita pasipotakiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Japani iitwayo Nihon Superior ilitia nikeli katika lehemu hiyo, kiasi cha 0.05 katika mia. Hiyo ni nusu gramu katika kilo nzima. Mpishi wa maharage hutia chumvi nyingi kuliko hiyo. Hata hivyo kiasi hicho kidogo kiliifanya lehemu itiririke vizuri, ing'ae ikiganda, na ipunguze kula shaba.

Nikeli ina kazi nyingine pia. Mkifungua simu mtaona sehemu za bodi zina rangi ya dhahabu. Ni dhahabu kweli, lakini ni utando mwembamba mno. Chini yake kuna tabaka ya nikeli yenye unene wa mara nyingi kuliko hiyo dhahabu, na chini ya nikeli ndiyo shaba. Nikeli imewekwa kama ukuta, kwa maana bila hiyo shaba ingepenya polepole katika dhahabu mpaka ikatokea juu na kuchakaa. Wale vijana wanaochoma bodi kwa mafuta ya taa wakitafuta utajiri wajue kwamba wanachochoma ni plastiki nyingi, shaba, nikeli na lehemu, na dhahabu kidogo isiyolipa hata sabuni. Moshi wa moto huo ni mbaya kuliko wote tutakaoutaja hapa.

Kuna na jambo la ajabu liitwalo sharubu za bati. Bati tupu lililopakwa juu ya madini mengine, baada ya miezi au miaka, huweza kuotesha nywele nyembamba za bati, na nywele moja ikigusa mguu wa jirani kifaa hufa. Zamani risasi ndiyo iliyozuia nywele hizo. Siku hizi viwanda vingi huweka nikeli chini ya bati ili kuzipunguza.

MOSHI ULE NI WA NINI?

Sasa turudi kwenye swali la mafundi. Ncha ya chuma cha kulehemu huwa na joto la nyuzi 350 hivi, mara nyingine 400. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749. Kwa joto la chuma cha kulehemu mvuke wa risasi ni kidogo mno. Bati, fedha, shaba na nikeli hazitoki kabisa kwa kiasi cha kutisha. Kinachopanda ni moshi wa rosini.

Rosini ni utomvu mkavu wa msonobari, miti ya jamii ya ile mnayoiona Sao Hill wilayani Mufindi. Waya wa lehemu si mzito tangu nje hata ndani. Katikati una tundu jembamba kama mfupa wenye uboho, na uboho wake ni rosini. Kazi yake ni kuondoa kutu na uchafu ili madini yashikane. Ikipata joto huungua, na huo ndio moshi mweupe wenye harufu ya kanisa.

Msidhani nimesema hivyo ili mpumue kwa furaha. Moshi wa rosini ni mmojawapo wa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini. Nao una hila. Fundi anaweza kukaa nao miezi au miaka bila tabu, kisha siku moja kifua kinaanza kukaza. Mwili umekwisha kuukataa. Tangu hapo hata moshi kidogo unatosha kumletea shida, na wengine hawaponi kabisa wasipoacha.

Dalili ni macho kuwasha, mafua yasiyokwisha, kikohozi cha usiku, na kifua kutoa mluzi. Alama ya kuangalia zaidi ni hii: je, ukipumzika siku mbili tatu, au ukisafiri kwenda msibani wiki nzima, kifua kinafunguka, na ukirudi mezani kinafunga tena? Kama ndivyo, usiendelee kununua dawa ya kikohozi dukani.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii moshi huu. Kinachosaidia ni upepo. Weka meza mahali ambapo upepo unapita kutoka ubavuni, si kutoka mgongoni wala usoni. Usiinamishe kichwa juu kabisa ya unapolehemu. Kama una feni ndogo ya kompyuta iliyokufa, ifunge upande wa pili wa meza ivute moshi kutoka kwako kuelekea nje, na nje hiyo isiwe dirisha la chumba alalamo mtoto.

Tena fahamuni kwamba lehemu isiyo na risasi inataka joto zaidi, na mara nyingi dawa kali zaidi ya kusafishia. Kwa hiyo moshi wake si mdogo. Mwenye duka akisema "hii haina risasi, haina madhara," nusu ya kwanza huenda ni kweli.

RISASI HUINGIA KWA MKONO

Je, kama risasi haipandi na moshi, huingiaje mwilini? Huingia kwa kuliwa. Kila fundi anaposhika waya, vidole vyake hushika rangi ya kijivu. Hiyo ndiyo risasi. Kisha muuza mihogo anapita, fundi anaufuta mkono kwenye suruali, anakula. Au anawasha sigara. Au anatia ugoro mdomoni. Kikombe cha chai kiko mezani pale pale penye vumbi la lehemu, na kidole kinashika ukingo.

Lakini kuna tabia moja mbaya kupita zote. Fundi ana mikono miwili tu: mmoja umeshika chuma cha moto, wa pili umeshika bodi. Waya wa lehemu unashikwa na nani? Unashikwa na meno. Nimewaona wengi. Gramu moja tu ya waya ule ina mikrogramu 370,000 za risasi, na mikrogramu ni gramu iliyogawanywa mara milioni moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, basi itafutwe risasi hiyo inatoka wapi na izuiwe. Si yote unayomeza inayoingia katika damu, lakini linganisheni namba hizo mbili kisha mwamue kama meno ni mahali pa kushikia waya. Kipande cha mti chenye ufa, au pini ya kuanikia nguo iliyopigiliwa kwenye ubao, hufanya kazi hiyo bila kudai mshahara.

Nikanawe vipi? Maji matupu hayatoshi. Nawa kwa sabuni, sugua na kucha, suuza kwa maji ya kumimina. Ile dawa ya spiriti ya kupaka mikononi huua vijidudu tu. Risasi si kijidudu, haifi, inabaki pale pale. Meza ifutwe kwa kitambaa kibichi. Ukiifagia kavu unarusha vumbi ili ulivute. Vipande vilivyobanduliwa viwekwe katika kopo lenye mfuniko, visitupwe shambani wala karibu na kisima. Nguo ya kazi ivuliwe kabla ya kumpakata mtoto, na ifuliwe peke yake.

WATOTO NA MAMA WAJAWAZITO

Hapa nawaomba msome polepole. Kiasi kile kile cha risasi kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hunyonya mara 4 hadi 5 ya mwili wa mtu mzima. Na mtoto ndiye anayetambaa chini ya meza ya baba yake. Matone ya lehemu yanadondoka pale, yanang'aa kama shanga, naye anatia mdomoni. Ubongo wake bado unajengwa. Risasi humpunguzia akili ya kujifunza, humfanya mkorofi na mzito wa kuelewa, na akishaharibika hivyo hakuna dawa ya kumrudishia. Ikizidi sana huleta degedege, kupoteza fahamu na kifo.

Mtoto wa namna hii hawezi kusema anaumwa nini. Mwalimu atasema ni mvivu. Bibi atasema karithi kwa upande wa pili. Hakuna atakayeangalia chini ya meza.

Kwa mtu mzima risasi hujificha katika mifupa, hukaa humo miaka mingi. Mwanamke akipata mimba mifupa yake hutoa madini ya kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo mke wa fundi, au binti anayejifunza ufundi huu, aitaje kazi hiyo kliniki.

Chakula husaidia kwa sehemu. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na ya chokaa hunyonya risasi zaidi. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maharage, mboga za majani na maziwa ni vyakula vizuri katika nyumba ya fundi, hasa kwa watoto. Lakini ile imani kwamba pakiti moja ya maziwa jioni huosha sumu yote ya mchana si kweli. Maziwa ni chakula, si sabuni ya tumbo.

Neno moja kwa wanaoziba vyombo. Birika, sufuria au kopo la maji visizibwe kamwe kwa lehemu ya redio. Vitu vichachu kama togwa, ukwaju na ndimu hutoa risasi katika kiungo kile na kuitia katika kinywaji. Marekani walikataza lehemu ya risasi katika mabomba ya maji ya kunywa tangu mwaka 1986.

NIKELI NA NGOZI

Wengine wamesikia kwamba nikeli huleta saratani. Habari hiyo ina ukweli wake, lakini ni ya wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha nikeli waliovuta vumbi na mvuke wake kwa wingi, miaka mingi. Wanaochomelea vyuma visivyoshika kutu kwa umeme nao wajihadhari. Nusu gramu iliyofungwa ndani ya kilo ya lehemu, kwa joto la chuma kidogo cha mkononi, ni jambo jingine. Sioni sababu ya fundi redio kukosa usingizi kwa hilo.

Nikeli inamfuata fundi kwa njia ya ngozi. Vibano, bisibisi, mikasi na vishikio vingi vimepakwa nikeli ili ving'ae. Vipande vya betri za simu na taa vimeunganishwa kwa utepe wa nikeli. Mkono ukitoa jasho, jasho huyeyusha nikeli kidogo na kuiingiza katika ngozi. Kwa watu wengi haifanyi kitu. Kwa baadhi, mwili huikataa. Baada ya siku moja hadi tatu vidole huwasha, hutoa vipele na malengelenge madogo, kisha ngozi hukauka na kupasuka. Mtu husema amerogwa mikono na mshindani wake wa biashara.

Namna ya kutambua ni kuuliza habari za hereni. Je, hereni za bei rahisi zilikutoboa vidonda masikioni? Je, kifungo cha suruali au kamba ya saa huacha alama nyekundu inayowasha? Kama ndiyo, nikeli yaweza kuwa ndiye mchokozi. Hali hiyo ikikuingia hukaa maisha yote. Funga vishikio vya vifaa kwa utepe wa plastiki, futa jasho mara kwa mara, usishike utepe wa betri kwa vidole vitupu. Lakini angalia: rosini nayo huweza kuwasha ngozi, hata usoni na kwenye kope ambako hakuna kibano kilichogusa. Vidole vikiuma peke yake, tuhumu vifaa. Kope zikivimba, tuhumu moshi.

JOTO LIKIZIDI, HABARI HUBADILIKA

Yote niliyosema juu ya moshi ni kwa joto la chuma cha kulehemu tu. Mtu anayepasua betri ya gari na kuyeyusha risasi yake juu ya mkaa unaopulizwa, apate chubwi za nyavu au risasi ya kuuza, huyo amevuka mpaka. Joto lake ni kubwa, na vumbi la ndani ya betri hupeperuka kama unga. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa risasi ya betri zilizokuwa zikichambuliwa hapo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kazi hiyo isifanywe kijijini kabisa.

Anayechomelea mabati ya paa naye ana lake. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Jioni, saa kadhaa baada ya kazi, mtu hutetemeka kwa baridi, huumwa viungo na kupata homa, na kesho au kesho kutwa yake amepona. Hufanana na malaria kiasi kwamba wengi humeza dawa ya malaria bure. Na betri ndogo zilizoandikwa Ni-Cd, za taa na redio za zamani, zina nikeli na kadimi. Mvuke wa kadimi unaweza kuua mapafu. Zisitiwe motoni hata kwa mchezo.

UKIJA ZAHANATI

Sumu ya risasi kwa mtu mzima huja kimya. Huleta tumbo la kusokota, kufunga choo, kichwa kuuma, uchovu, hasira za bure, damu kupungua. Ikizidi, kiganja hulegea kisiweze kuinuka, na ufizi huweza kuonyesha mstari wa bluu karibu na meno. Mtazameni mgonjwa huyo kwa macho ya mganga wa kijijini: amechoka, mweupe wa macho, tumbo linauma. Nitamfikiria malaria, nitamfikiria safura. Nitampima malaria, kipimo kitasema hana. Nitampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, atarudi baada ya mwezi yuko vile vile. Asiponiambia kwamba ni fundi wa redio, sitajua.

Kwa hiyo ukifika, sema kazi yako kabla hujaulizwa, na mama aliyeleta mtoto aseme kazi ya baba yake. Kipimo cha risasi katika damu hakifanyiki zahanati, tutakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Dawa ya kuitoa risasi ipo kwa waliozidiwa, hutolewa huko chini ya macho ya daktari, wala haiuzwi barabarani. Tena haina maana kama risasi inaendelea kuingia.

Na uje na kibiringo chako cha lehemu ndani ya kopo lenye mfuniko. Wanakisomo mnaojua herufi mnaweza kukisoma wenyewe kabla ya kuja. Sn ni bati. Cu ni shaba. Ag ni fedha. Ni ni nikeli. Pb ni risasi, na namba iliyoandikwa karibu nayo ni idadi ya gramu zake katika kila gramu 100. Kikiwa kimeandikwa Sn63 Pb37, au 60/40, mna risasi. Kikiwa na Sn, Cu na Ni tu, hamna. Kikiwa hakina kibandiko, kihesabuni kuwa kina risasi mpaka muuzaji aonyeshe kasha lake.